Chumba cha Tatu

Amri zilikuwa mbili tu, na kila aliyezisoma asubuhi ile katika Kituo cha Barafu aliziona sahihi. Nakijwa Mshana, mwalimu wa amri za mashine, alizisoma mara moja, akanyoosha mkono, akazima mashine.

"Nani kaandika hizi?"

Juu ya vitanda viwili vya kuhamishia ujuzi walilala watu wawili, nyaya zimewatoka nyuma ya masikio. Wa kushoto alikuwa Edina Kikoti, mchimbaji. Wa kulia alikuwa Ngonyani, rubani, macho yake yamefungwa bendeji. Ngonyani ndiye aliyeinua kidole.

"Tumeandika wote, mwalimu. Mtani wangu katoa wazo, mimi nikaandikisha."

"Usinihusishe," Edina alisema bila kufumbua macho. "Mimi nilisema tubadilishane. Kama pana kosa, hilo ni la Mngoni."

"Wahehe hamjawahi kukosea. Hata siku mliyokimbia mikuki mlisema mnawahi kupanda mahindi."

"Tulikimbia? Kamuulize babu yako lile kovu la kisigino alilipataje."

Nakijwa hakucheka. Aliigeuza skrini ili mkuu wa kituo, Theonest, aliyekuwa amesimama mlangoni, aione vizuri.

Edina = Ngonyani
Ngonyani = Edina

Alijua kosa lilikotoka. Mhehe na Mngoni ni watani, na wawili hawa tangu wafike Mwezini walifanya kila kitu kiutani. Mtani haombi, ananyakua. Asubuhi Edina angepora glavu za Ngonyani huku Ngonyani akipora kofia yake, vitu viwili vikapishana hewani, na kila mmoja akaondoka na cha mwenzake. Aliyezoea kubadilishana hivyo huandika amri hivyohivyo: mimi nachukua chako, wewe chukua changu. Lakini mashine haina mikono miwili. Huifanya amri ya kwanza mpaka iishe, ndipo huitazama ya pili.

"Sioni ubaya," Theonest alisema. "Edina awe sawa na Ngonyani, Ngonyani awe sawa na Edina. Wamebadilishana. Washa, mwalimu. Chombo cha mizigo kinafika kesho kutwa."

"Alama ile haisemi sawa, mkuu. Inasema: soma kilichomo kulia, kiandike kushoto. Basi."

"Tofauti yake ni nini?"

Badala ya kujibu, Nakijwa alivuta kutoka kabatini vipandikizi viwili vya majaribio, vya aina ile iwekwayo kichwani kubeba ujuzi lakini vidogo kama punje za kunde, ambavyo havikuweza kubeba zaidi ya tarakimu moja. Aliandika nne katika cha kushoto, tisa katika cha kulia. Akavipa amri zilezile mbili. Kisha akavisoma kwa sauti.

"Kushoto, tisa. Kulia, tisa."

Theonest alisogea. "Na nne iko wapi?"

"Haipo."

"Imekwenda wapi?"

"Haikwenda popote. Tisa imeandikwa juu yake. Amri ya pili ilipokuja kuitafuta nne kushoto, ilikuta tisa, ikairudisha tisa mahali ilipotoka."

Edina alikuwa ameketi. Alichomoa waya nyuma ya sikio lake taratibu, kama mtu anayemtoa nyuki bila kutaka kumkasirisha.

"Kwa hiyo mimi ningeamka rubani," alisema, "na huyu angeamka rubani."

"Ndiyo."

"Na kuchimba?"

"Kusingekuwa kwa mtu yeyote."

Ngonyani naye akapapasa waya wake, akauchomoa.

*

Katika ofisi ya Theonest mlikuwa na viti vitatu na mpishi wa kituo, Mzee Shija, ambaye aliitwa na hakuambiwa sababu. Alikaa ukingoni mwa kiti, aproni bado kiunoni.

Hali yenyewe haikuwa na utata. Dhoruba ya jua ilikuwa imepiga kituo wiki iliyopita na kuunguza ghala, ile mashine kubwa ambamo ujuzi wa mtu uliwekwa kwa muda wakati wa kuhamishwa. Mlipuko wa ghala ndio uliounguza macho ya Ngonyani alipokwenda kuzima moto. Dhoruba hiyohiyo iliua taa za kuongozea, kwa hiyo chombo cha mizigo kilichokuwa njiani, kisicho na mtu ndani, kingehitaji kuteremshwa kwa mkono na jicho la rubani aliyekaa kwenye usukani wa mbali hapa kituoni. Ndani yake mlikuwa na ghala jipya, vichujio vya hewa na chakula. Kisiposhuka salama, hewa ya kituo ingechafuka kabla chombo kingine hakijafika.

Mwenye macho na mikono ya kufaa alikuwa Edina peke yake. Daktari aliwapima watu wote kituoni akathibitisha. Lakini Edina ndiye pekee aliyejua kuchimba barafu ya Shimo, machimbo yaliyokipa kituo maji. Keekee, chombo cha kutobolea, hupita katika barafu ngumu kama chuma, kisha bila ishara hukuta uwazi, na mchimbaji huujua uwazi huo kwa viganja na masikio kabla ncha haijaufikia. Asiyejua huvunja keekee, na maji ya kituo huishia hapo. Kazi hiyo haihitaji macho. Ngonyani angeiweza, kama ujuzi ungefika kichwani mwake.

Nakala ya Duniani haikuwepo. Sheria ilikataza ujuzi wa mtu kuhifadhiwa nje ya mahali anapofanyia kazi, tangu enzi waajiri walipokuwa wakinakili watu kisha kuwaachisha.

"Tunahitaji chumba cha tatu," Nakijwa alisema. "Ujuzi wa Edina uandikwe kwanza mahali pengine. Kisha wa Ngonyani uandikwe kwa Edina. Kisha ule uliowekwa kando uandikwe kwa Ngonyani. Amri tatu. Ghala ndilo lilikuwa chumba hicho, na ghala limeungua."

"Ndiyo maana nimemwita Mzee Shija." Theonest aligusa skrini. "Ana kipandikizi cha ukubwa unaotakiwa. Aliwekewa siku ya kwanza kama sisi watano wa mwanzo, na hakikutumika. Soma mwenyewe."

Skrini ilionyesha jina la Shija, na mbele yake sifuri.

"Kitupu," Theonest alisema. "Mzee, tunaomba kukiazima kichwa chako kwa saa moja."

Shija aliinua mabega. "Kama kitupu, mkuu, kichukueni. Nilidhani mmeniita kwa sababu ya chumvi."

"Sifuri hii iliandikwa lini?" Nakijwa aliuliza.

"Siku ya usajili."

"Na baada ya hapo, nani alisoma?"

Nakijwa alichukua kisomeo, akamwomba Shija ainamishe kichwa, akakiweka nyuma ya sikio lake. Skrini ilianza kujaa mistari. Ilijaa mpaka chini, ikageuza ukurasa, ikajaa tena.

"Hiki ni nini?" Theonest aliuliza.

"Mashine haijui jina lake. Inajua ukubwa. Kipandikizi hakingoji kusajiliwa; hukusanya kila jambo ambalo mwili umezoea kulifanya bila kufikiri. Chumba chake kimejaa kama chako. Sifuri ilikuwa kweli siku ile moja."

"Ni upishi."

"Inawezekana."

"Mwalimu Nakijwa." Theonest alishusha sauti. "Watu arobaini wavute hewa chafu, nasi tumekaa hapa tunajadili maharage? Na mwenyewe amekwisha kubali."

"Amekubali kutoa kitu kitupu. Hilo silo tunalomwomba." Alimgeukia mpishi. "Mzee, sikiliza nikwambie lilivyo. Tukiandika ujuzi wa Edina katika chumba chako, kilichomo kitafutika. Hakitarudi hata ghala jipya likija. Sijui ni nini hasa. Pengine utaingia jikoni kesho usijue kisu kinashikwaje. Sasa nakuuliza upya."

Shija alitazama viganja vyake. Alikuwa mtu wa maneno mengi. Jikoni alisemezana hata na sufuria. Sasa alipangusa kwanza unga uliobaki kidoleni.

"Nilianza na mama yangu, nikimshikia ungo," alisema mwishowe. "Naogopa, mwalimu. Siwezi kusema siogopi. Lakini mkiniamuru, nitalala pale kitandani."

"Umesikia," Theonest alisema. "Atalala."

"Nimesikia anaogopa."

"Kuogopa siyo kukataa!"

"Wala kuamriwa siyo kukubali." Nakijwa alikirudisha kisomeo mezani. "Vyumba vya ukubwa huu vilivyobaki ni vitatu. Chake, chako na changu. Chako hakiwezi, kwa sababu katikati ya amri lazima awepo mwenye mamlaka ya kusimamisha kazi. Kinabaki changu."

Theonest alicheka kwa hasira. "Wewe? Wewe ndiye unayeandika amri zenyewe! Nani ataliwasha ghala jipya? Nani atakayewarudishia hawa ujuzi wao? Thamani yako hapa ni mara kumi ya sahani ya wali. Huo ni ukweli, na wewe ndiye unayetuimbia ukweli kila siku."

Hoja ilikuwa nzito, na Nakijwa aliipima kama alivyopima kila kitu. Hakujali kuonekana mwema. Alijua pia kwamba hakuwa tayari kupoteza kitu kile; kazi ile ndiyo iliyokuwa mkono wake wa kushoto tangu mkono wenyewe ulipokatwa, akawekewa wa bandia. Aliangalia ndani yake kama kuna sababu nyingine ya kumtoa mzee badala yake. Alizipata kadhaa, na zote zilianza na neno mimi.

"Ujuzi wangu umeandikwa vitabuni, mkuu," alisema. "Kompyuta ya kituo imejaa masomo yake, tangu la kwanza. Mtu mwenye akili timamu akikaa nayo miezi kadhaa ataliwasha ghala. Mzee Shija mwenyewe huja darasani kwangu, na anaelewa. Lakini alichonacho yeye hakijaandikwa popote, na alichonacho Edina hakijaandikwa popote. Kati ya vyumba vitatu, changu ndicho pekee ambacho kikifutwa kinaweza kujazwa upya. Na ndicho pekee ninachoweza kukitoa bila kumwomba mtu."

"Na nisipokuruhusu?"

"Basi andika amri wewe. Umeziona zile mbili zilivyofanya."

Theonest aliizima skrini yenye sifuri. Mzee Shija alisimama, akaivua aproni yake, akaikunja vizuri, kisha akakosa pa kuiweka akaivaa tena.

*

Nakijwa aliandika mchana kutwa. Amri zenyewe zilikuwa tatu:

Nakijwa = Edina
Edina = Ngonyani
Ngonyani = Nakijwa

Zilizomchukua muda ni zile za katikati. Mara amri ya kwanza itakapokwisha, yeye hangekuwa mtu wa kuulizwa lolote. Kwa hiyo baada ya kila amri aliweka ukaguzi: mashine isome ilichoandika, ilinganishe na kilikotoka, na isisogee mbele mpaka vifanane. Akaweka maelezo kwa lugha ya kawaida, yaonekane kwenye skrini, ya kumsaidia yeyote atakayekuwa amesimama hapo.

Alilala kwenye kitanda cha tatu, kilicholetwa kutoka zahanati. Edina alikuwa kushoto kwake.

"Mwalimu," Edina alisema, "humo mwangu kuna baridi sana. Nakuonya mapema."

"Mwambie na harufu," Ngonyani aliongeza. "Ya Mhehe haitoki kwa sabuni."

"Wewe lala. Usiku wa leo utakuwa na akili kwa mara ya kwanza, upumzike."

Nakijwa aliomba skrini igeuzwe upande wake. Alitaka kujua jambo hilo la kufutwa linatokeaje. Hakuna aliyewahi kulieleza kwa usahihi. Theonest alibonyeza.

Mwanzo hakuona badiliko. Alisoma mstari wa kwanza, akauelewa. Akasoma wa pili, akauelewa. Aliurudia wa kwanza, na safari hii aliona majina mawili na vijistari viwili vya ulalo kati yake. Alijua kwamba dakika iliyopita vijistari vile vilimwambia kitu. Alivikazia macho. Havikuwa vigumu wala vya ajabu; vilikuwa kimya tu, kama mlango wa nyumba ya watu waliohama. Wakati huohuo, chini ya mgongo wake, chini ya kitanda na sakafu, alianza kusikia kitu kinachogugumia mbali, kirefu na kizito, na bila kufundishwa alijua kwamba ni barafu, na kwamba upande wa mashariki ina ufa.

Mashine ililia. Taa nyekundu ikawaka.

"Imesimama!" Theonest alisema. "Imesimama kwenye ya kwanza. Mwalimu, nifanye nini?"

Nakijwa alifungua kinywa. Alitafuta jibu mahali ambapo siku zote lilikuwepo.

"Sijui," alisema.

Theonest alipeleka kidole kwenye kitufe cha kuendelea. Mzee Shija, aliyekuwa amesimama nyuma na birika la chai, alimshika kiwiko.

"Mkuu, samahani. Soma hapo. Kaandika kwa Kiswahili."

Maandishi yalisema: Ikisimama hapa, ukaguzi umekuta tofauti. Usiguse. Cha Edina bado kipo kwa Edina. Mashine itaandika upya yenyewe.

"Ukibonyeza," Shija alisema, "itaruka ukaguzi, iandike cha rubani juu ya cha Edina. Na kule kwa mwalimu bado hakijakamilika."

Theonest alikiondoa kidole. Wote walisimama wakiitazama taa nyekundu, na chai ikapoa kwenye birika. Halafu taa ikawa ya kijani, na amri ya pili ikaanza.

*

Edina alikiteremsha chombo cha mizigo kikatua wima, mguu mmoja ukikanyaga nje kidogo ya mstari. Alipotoka kwenye usukani aliwaambia watu kwamba mguu ule ulikuwa kosa la Mngoni, kwa kuwa kichwa alichotumia kilikuwa cha mtani wake. Ngonyani hakuwepo kujibu. Alikuwa Shimoni na bendeji zake, ameshika keekee, akisikiliza.

Theonest alimkuta Nakijwa amekaa kwenye benchi la korido ya mashariki, kiganja chake cha kulia kimegusa ukuta.

"Chombo kinarudi Duniani mwisho wa wiki," alisema. Aliongea kwa upole, na upole ulimfanya aonekane mgeni. "Mkataba unasema mtumishi asiye na ujuzi arudishwe, kwa malipo kamili. Hakuna atakayekulaumu, dada. Umefanya ulilofanya."

"Soma chumba changu."

"Kwa nini?"

"Kisome, mkuu."

Alikuwa na kisomeo mfukoni. Alikisogeza nyuma ya sikio la Nakijwa, akatazama, akakunja uso.

"Kuchimba," alisema.

"Kilichoandikwa kwa Ngonyani kilisomwa kutoka kwangu. Hakikumwagwa. Bado ninacho." Aliinua mkono wa bandia, akaufumba na kuufumbua, nao ukachelewa kidogo, kama kawaida yake. "Sitashika keekee, mkono huu hausikii. Lakini Ngonyani ana viganja viwili na masikio mawili, na Shimo lina pande mbili. Nitakaa upande wa pili nisikilize. Kwa mujibu wa mkataba mimi ni mchimbaji. Niandike hivyo."

Theonest alikirudisha kisomeo mfukoni.

"Na ghala?" aliuliza. "Limekaa pale kwenye kreti. Hakuna wa kuliwasha."

"Bado hakuna," Nakijwa alisema, akainuka.

Jikoni kulinukia vitunguu. Mzee Shija alikuwa akikatakata bila kuangalia kisu, anaongea na sufuria kuhusu moto. Alinyamaza alipomwona Nakijwa mlangoni, na kwa mara ya kwanza hakujua amwiteje.

"Mzee, uko somo la ngapi?"

"La nne, mwa... La nne tu. Wewe ndiye uliyekuwa unifundishe la tano."

"Nifundishe hayo manne."

Shija alifuta mikono. Alileta skrini ndogo, akaiegemeza kwenye gunia la mchele, akavuta vigoda viwili. Alijikohoza kama wafanyavyo walimu.

"Andika jina, lolote. Halafu alama hii. Halafu namba."

Nakijwa aliandika herufi kwa kidole cha mkono wa kulia, polepole, akakosea, akafuta. Aliandika jina la mji alikozaliwa, Same. Akaweka alama. Akaweka saba.

"Sasa iulize Same ina nini."

Skrini ilisema saba.

"Vizuri. Sasa andika tena vilevile, ila weka mbili."

Kidole chake kilisimama hewani.

"Ile saba haitakuwepo tena," alisema.

"Nani kakwambia? Hatujafika hapo."

"Hakuna aliyeniambia."

Aliandika mbili. Aliiuliza mashine, ikajibu mbili, akaitazama tarakimu hiyo mpaka akaizoea. Kisha akavuta kigoda karibu zaidi na gunia.

"Endelea, mwalimu," alimwambia mpishi.